Baba Mkwe na Njia ya Muyinga

Jina lake sitalitaja. Si siri, wala si kwamba nimelisahau. Nililetwa nyumbani kwake nikiwa bibi harusi, na kwetu mke wa mtoto hataji jina la baba mkwe wake, awe hai au awe kaburini. Miaka yote niliyokaa Itaba, vilimani nje ya mji wa Gitega, Burundi, nilimwita Baba, na nikiwa sokoni nilisema "Mzee wa landrova", kila mtu akajua namsema nani. Alituacha mwaka jana. Hapa nitamwita Baba Mkwe, na anayetaka jina akawaulize wengine.

Kitu kilichomweka roho juu mwaka mzima kilikuwa safari ya Muyinga. Kila kiangazi, maharage yakishavunwa na njia zikishakauka, aliwasha landrova yake akaenda kwa dada yake mkubwa, akiendesha mwenyewe. Hiyo "mwenyewe" msiipite haraka, maana ndiyo iliyotuletea makelele yote ya mwishoni.

Gari lenyewe lilikuwa la kijani zamani, kwa mujibu wa waliolikuta likiwa jipya. Mimi nililikuta na rangi ya vumbi. Baba Mkwe alikuwa dereva wa ofisi moja iliyopeleka wauguzi na chanjo vilimani, na ofisi ilipouza magari yake makuukuu akanunua lile lile alilokuwa akiliendesha, kwa kuwa hakutaka kuliona mikononi mwa mtu mwingine. Mlango wa nyuma ulifungwa kwa kamba. Kiti cha mbele kilikuwa kimoja, kirefu, kama benchi la kanisani. Ukiubamiza mlango hakukugombeza. Alishuka, akazunguka, akaufungua tena, akaufunga taratibu, kisha akakuangalia. Hukurudia.

Sasa niambieni, heshima ya kwetu utaiweka wapi ndani ya gari kama hilo? Mke wa mtoto hakai karibu na baba mkwe, hali naye sahani moja, hamkodolei macho. Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa walinipakia nyuma, katikati ya mikungu ya ndizi na magunia ya maharage, mume wangu akakaa mbele na baba yake. Mume wangu ni mtu mzuri, lakini mpe kilima kimoja tu cha kutikiswa na gari, amelala. Kwa hiyo tulibaki wawili macho, mimi na Baba Mkwe, na hakuna mtu wa kutupitishia maneno. Tukaenda hivyo kimya mpaka akakohoa.

"Gari," akasema, macho mbele, "uliza huyu mama wa nyuma kama iko na kiu."

Nikabana kicheko kwa ncha ya kitenge. Mimi nimekulia Tanzania, kambi ya wakimbizi upande wa Kibondo, na desturi za Burundi nilizipata kwa kusimuliwa na mama yangu, ambaye hakunisimulia habari ya magari. Nikafikiri kidogo, kisha nikajibu, "Gari, mwambie Baba nashukuru, maji ninayo."

"Gari, mwambie ni vizuri."

Tangu siku hiyo gari likawa mkalimani wetu. Aliniongelesha Kiswahili kwa sababu Kirundi changu kilikuwa bado kinachechemea, na chake kilikuwa Kiswahili cha madereva, kifupi, kisicho na mapambo. Mwaka nilipopoteza mimba ya kwanza, watu walikuja na maneno mengi ya kunifariji, mengine bora yangebaki kwao. Yeye hakuja ndani. Nilikuwa naosha vyombo uani, akaja akasimama kando ya gari, akaweka mkono juu ya boneti.

"Gari," akasema, "mi sijue kusema. Mwambie huyu mtoto, hii nyumba haijamuchoka."

Akaondoka zake. Nililia mpaka maji ya vyombo yakapoa, na niseme kweli, kuanzia hapo nilimpenda kama baba aliyenizaa.

Kutoka Gitega mpaka Muyinga kuna lami, inapita Karuzi, na mwenye haraka akitoka asubuhi anakula mchana kwa wenyeji wake. Baba Mkwe alitumia siku mbili. Alisema lami haina watu. Alipenda njia za udongo zinazozunguka vilima, zile alizopita na wauguzi wake, ambako kila baada ya kona mtu alitoka shambani akiinua jembe kumsalimia. Na hakuanza hata kwa kuelekea Muyinga. Alianza kwa kwenda Ryansoro, upande mwingine kabisa, kuchukua asali ya kumpelekea dada yake.

"Baba, Muyinga ni kule," mume wangu alimwambia kila mwaka.

"Asali iko huku," alijibu kila mwaka.

Kiangazi watu huanika mtama barabarani, hata katikati. Madereva wengine hupita juu yake, wanasema wanausaidia kupukuchuka. Yeye alizima gari akasubiri mwenye mtama aje aukusanye, na kama mwenyewe yuko mbali tulishuka tukaukusanya sisi, tukapita, tukauanika tena. Mtu mwenye mzigo kichwani hakumpigia honi kamwe. "Akigeuka, mzigo inaanguka," alisema, na gari likamfuata yule mtu polepole kama ng'ombe wake mpaka apate pa kupishia.

Msidhani alikuwa malaika. Mtu mzima mwenye viatu miguuni akimpungia mkono kuomba lifti, Baba Mkwe alimpungia pia, akapita. "Iko na viatu," alisema, "atembee." Kiongozi mmoja wa kanisa letu aliachwa hivyo kwenye jua na kofia yake, na Jumapili iliyofuata tulisikia mahubiri marefu juu ya ukarimu. Baba Mkwe aliyasikiliza yote akitikisa kichwa kwa kukubali, kana kwamba yanamhusu jirani.

Na mafuta! Tangu mafuta yaanze kuwa haba, aliyakusanya kidogo kidogo mwaka mzima, chupa huku, nusu jerikani kule, akayaficha chini ya kitanda chake, nyumba nzima ikanuka. Ukimwomba akupeleke Gitega hata kwa mkutano, alikuambia hayo ni ya Muyinga. Mume wangu alikwenda mjini kwa miguu mara ngapi, gari likiwa limekaa uani limeshiba. Lakini akikutana na ngobyi, ile machela ya kusuka ambayo watu wanne humbebea mgonjwa mabegani, aligeuza gari papo hapo bila kuuliza mtu. Mwaka mmoja tulikuwa tumeshapita nusu ya njia ya Karuzi tukakutana na mwanamke amebebwa hivyo, uchungu umemshika. Tukarudi naye mpaka hospitali ya Gitega. Mafuta yakaisha, ikabidi tukae mjini tukiyatafuta upya. Mume wangu alinung'unika. Baba Mkwe alimsikiliza, kisha akasema, "We ulikuja duniani na gari gani?" Mume wangu alijua alizaliwa wapi: nyuma ya landrova hiyo hiyo.

Huyo dada wa Muyinga mimi nilimwita Shangazi, kama mume wangu alivyomwita. Ndiye aliyemlea Baba Mkwe mgongoni, mama yao akiwa shambani. Alipokuwa msichana alimpenda fundi cherehani Mwislamu aliyekuja kuuza nguo soko la Gitega, akafuatana naye Muyinga, akasilimu. Nyumbani Itaba, Wakatoliki wa kutupwa, wakamfuta. Hakuna aliyejitwika kikapu kwenda harusini kwake. Alizaa, hakuna aliyekwenda kumpa hongera. Mume wake alikufa, hakuna aliyekwenda kulia. Ndugu zake walituma salamu. Walisema watakwenda mwakani, wakasema hivyo mpaka wakaanza kufa mmoja mmoja.

Baba Mkwe pekee, tangu akiwa kijana, alimwambia, "Mi nitakuja mwenyewe kila mwaka." Alianza kwa miguu, akaenda kwa baiskeli, akaenda kwa landrova. Baba yake alimkemea, padri alimkemea, akawasikiliza kama alivyosikiliza yale mahubiri ya ukarimu, kisha akaenda. Rozari yake ilining'inia kwenye kioo cha gari mpaka kwenye lango la Shangazi, na Shangazi aliitazama akacheka. Walikuwa wakikaa sebuleni siku nzima bila kuongea sana. Nililiuliza gari mara moja wanaongea nini, likajibiwa, "Gari, mwambie tunakaa tu."

Siku moja karibu tufukuzwe. Jamaa wa Karuzi walikuwa na posa, wakaomba tuwabebee jerikani la urwarwa, pombe yetu ya ndizi. Pombe hiyo ikiwa bado inachemka, kifuniko huachwa kilegee ipate kupumua. Mume wangu, aliyekulia bweni kwa mapadri wa Mushasha, aliona njia ni mbaya, akakikaza kwa nguvu zake zote. Tukiwa kwenye mpando, jerikani likapasuka kwa kishindo. Baba Mkwe akafunga breki, akashuka, akazunguka gari akitafuta tairi lililopasuka, huku pombe inamtiririka shingoni. Alipoelewa alisimama mbele ya taa za gari.

"Gari," akasema kwa huzuni, "umekunywa posa ya watu."

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Kwa Shangazi lakini halikuwa jambo la kuchekesha. Alitoka nje, akanusa, akaziba pua kwa mtandio. "Hapana. Hii gari haiingie kwangu. Kwanza muoge, na yenyewe ioge." Mtaa mzima ulikuja kutazama mzee asiyeonja hata tone akiosha gari lililolewa. Wenye posa nao tuliwatafutia pombe nyingine tukiwa njiani kurudi.

Kisha macho yakaanza. Kwa muda mrefu sikuelewa. Niliona tu kwamba anaendesha polepole zaidi, kwamba anawatambua watu wakishasema, si kabla. Nikiwa nyuma nikaanza kusema, "Gari, kuna mbuzi mbele." Akajibu, "Gari, mwambie nimewaona." Hakuwaona, mguu ulikwenda kwenye breki baada ya sauti yangu. Sikumwambia mtu, nikawa macho yake, na mume wangu akaendelea kulala. Tulikwenda hivyo safari mbili nzima.

Mambo yalifichuka asubuhi moja alipomsalimia ng'ombe wa jirani, akamwuliza habari za mke na watoto. Jirani alikuwa hapo karibu na alichukia kweli. Tukampeleka kwa daktari wa macho Gitega. Akasema huu si mtoto wa jicho, hakuna cha kutoa, ugonjwa umekula ndani, na kilichobaki nacho kitakwenda. Wanawe wakakaa kikao. Wakachukua ufunguo. Wakaamua landrova iuzwe kiangazi kikiisha, na mzee asiende tena Muyinga. Shangazi atapigiwa simu. Walifanya hivyo kwa upendo, siwalaumu. Lakini tangu siku hiyo Baba Mkwe alikula vijiko viwili akaweka sahani chini. Shangazi alikuwa mzee kuliko yeye. Wote tulijua kwamba mwaka mmoja ukirukwa, huenda wasionane tena.

Nilikuwa namenya ndizi nikasikia kikohozi nyuma ya jiko. Baba mkwe hasogelei jiko la mke wa mtoto. Alisimama kwenye pembe ya ukuta, mgongo kwangu.

"We unajua kuendesha," akasema. Hakupitisha maneno kwa gari.

"Najua, Baba. Mjomba alinifundisha Tanzania, kwenye pikapu yake ya mahindi."

"Nipeleke kwa dada yangu."

"Na wanao?"

"Watakasirika. Bon, wakasirike."

Nilimwambia mume wangu waziwazi. Alinuna. Akasema mke wa mtu kukaa kiti kimoja na baba mkwe wake siku mbili, watu watasemaje? Nikamwambia basi ampeleke yeye. Akakumbuka kwamba hajawahi kujifunza kuendesha, kwa kuwa siku zote alikuwa amelala. Akaenda kuleta ufunguo, akanipa bila kuniangalia, halafu akaleta na mto wake mwenyewe wa kumwekea baba yake mgongoni.

Baba Mkwe alipanda akitafuta mlango kwa mikono. Akaomba gunia la maharage, akalisimamisha katikati ya kiti chetu. "Sasa tuko vizuri," akasema. Heshima ikakaa hapo katikati na sisi tukaondoka. Tulikwenda Ryansoro kwanza, bila shaka. Njia nzima alinielekeza bila kuona kitu. "Sasa inakuja kona mbaya, punguza." Na kona ikaja. "Hapa iko daraja ya miti, kanyaga upande wa kulia." Watu waliinua majembe, nikamtajia, naye akainua mkono upande wao. Mahali pamoja akaniuliza kama mparachichi mkubwa wa kwenye njia panda bado upo. Nikamwambia umekatwa.

Tulilala Karuzi kwa watu wake wa zamani. Kesho yake, juu ya mtaa wa Shangazi, kabla ya kuteremka, akagonga kioo cha mbele kwa kidole.

"Simama. Hapa naendesha mi."

Nikamwambia, "Baba, pale chini kuna watoto."

"Najua. We utaniambia, mi nitasikia." Kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mama, mi nilimwambia nitakuja mwenyewe. Asinione naletwa sawa na gunia."

Ningemkatalia? Wengine watasema ilinipasa. Nilishuka, nikazunguka, nikamshika mkono mpaka kwenye usukani, mkono wa baba mkwe, Mungu anisamehe. Nikakaa upande wake, mkono mmoja juu ya breki ya mkono. Akaweka gia ya kwanza. Gari likaanza kuteremka kwa mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni.

"Kushoto, Baba. Kidogo tena. Nyoosha. Nyoosha hivyo hivyo."

Jasho lilinitoka mpaka kwenye macho. Uani kwa Shangazi tulikuzoea kumejaa watoto, kuku, masufuria, mikeka ya mchele, mbuzi asiye na adabu. Siku hiyo, kama mara mbili zilizopita, lango lilikuwa wazi kabisa na uwanja mtupu, umefagiliwa, hakuna hata ndoo. Nikamshukuru Mungu tena kwa bahati hiyo. Akaingiza gari taratibu, nikasema simama, akasimama, akazima, akapiga usukani kwa kiganja.

Shangazi alikuwa peke yake mlangoni, amefunga mtandio.

"Umefika?"

"Nimefika. Mi mwenyewe."

"Naona," akasema. Akaja akamshika mikono yote miwili, akamwongoza ndani huku akilalamika kwamba amekonda, kwamba asali mwaka huu imechelewa.

Mimi nikabeba gunia la maharage kwenda uani nyuma, jikoni. Nikakuta watoto wote wa nyumba wamekalishwa kwenye mkeka nyuma ya ukuta, kimya, mjukuu mkubwa anawalinda. Mbuzi amefungwa. Kuku wako chini ya tenga. Masufuria, ndoo, mikeka, vyote vimerundikwa hapo. Nilisimama na gunia langu nikiwatazama, nao wananitazama.

Shangazi akaja nyuma yangu. Akawaambia watoto, "Haya, mzee amefika, mucheze sasa," wakatawanyika. Akachukua birika, akaanza kumimina chai.

"Kijana wa duka huko juu anapiga simu akiona gari," akasema. "Ni mwaka wa tatu sasa tunafanya hivi."

"Shangazi, ulijua haoni?"

"Mwaka ule aliingia akasalimia mlango, mi nikiwa huku pembeni. Niliingia chumbani nikalia, halafu nikatoka nikamupa chai. Usimwambie."

"Na hukumkataza kuendesha?"

Akaweka vikombe kwenye sinia, kimoja kimoja, akakipangusa cha kaka yake kwa mtandio wake.

"Mama," akasema, "kwetu Itaba wote walikuwa na macho mazuri. Nani alikuja?"